Wanaopima majeraha yetu nao wafundishwe kazi

Kila Mtanzania, Mkenya, Mrundi au Mkongomani anayejaza mafuta gari lake hapa Johannesburg analipa bima ya ajali, ajue asijue. Ndani ya bei ya kila lita ya petroli na dizeli mna tozo inayokwenda kwenye Mfuko wa Ajali za Barabarani wa Afrika Kusini, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake, RAF. Aprili 2021 tozo hiyo ilipandishwa ikafika senti 218 kwa lita, na ikabaki hapo kwa miaka kadhaa iliyofuata. Hata asiye na gari analipa, kwani nauli ya teksi inayomtoa Yeoville na kumfikisha mjini imebeba mafuta hayo hayo. Kwa mwaka mzima Mfuko hukusanya zaidi ya randi bilioni 40.

Tumeanza na hesabu hiyo makusudi, ili asitokee mtu wa kutuambia kwamba tunapozungumzia fidia ya majeruhi tunaomba sadaka. Tunazungumzia fedha ambazo wenyeji na wageni wamezitoa mifukoni mwao kwa miaka mingi, katika nchi ambayo barabara zake huua watu wanaokaribia au kupita 10,000 kila mwaka, mbali na wale wanaobaki na viungo vilivyovunjika.

Mfuko huu umeandikwa sana magazetini. Mwaka 2025 mtendaji wake mkuu alisimamishwa kazi, Waziri wa Usafiri Barbara Creecy akaivunja bodi, na kamati ya Bunge inayosimamia hesabu za serikali ikaanza uchunguzi. Watu wanazungumzia mabilioni, zabuni na wakubwa waliotuhumiwa. Ni sawa, na wazungumze. Lakini sisi leo tunataka kumzungumzia mtu ambaye hakuna kamera inayomfuata. Ni yule ofisa wa madai, aliyekaa mezani na faili la mtu aliyeumia, ambaye anatakiwa aseme mguu huu una thamani gani, kichwa hiki kimeharibika kiasi gani, na mama huyu angepata shilingi ngapi kama asingegongwa. Nani alimfundisha kazi hiyo?

Ili msomaji aone uzito wa swali letu, kwanza tueleze sheria ilivyo. Afrika Kusini ilitunga sheria ya bima ya lazima ya magari mwaka 1942, ikaanza kutumika 1946. Enzi hizo mwenye gari alinunua bima kwa kampuni binafsi, kama sisi kwetu tunavyonunua "bima ndogo". Mwaka 1986 utaratibu ukabadilishwa, bima ikawekwa ndani ya bei ya mafuta. Baadaye sheria ya mwaka 1996 ikaunda Mfuko huu wa sasa, ulioanza kazi Mei 1, 1997. Kwa maneno mengine, serikali ndiyo kampuni ya bima ya kila dereva aliyeko barabarani.

Kisha yakaja mabadiliko yaliyoanza Agosti 1, 2008. Haya ndiyo ambayo wenzetu wengi hawayafahamu. Tangu siku hiyo aliyeumia haruhusiwi tena kumshitaki dereva mzembe ili amlipe ile sehemu ya hasara ambayo Mfuko haulipi. Wanasheria walikwenda hadi Mahakama ya Katiba kulipinga jambo hilo, na Novemba 2010 mahakama ikasema mabadiliko hayo hayavunji katiba, ingawa iliondoa kiwango cha malipo ya hospitali kwa kuwa kilikuwa kidogo mno kuweza kumpatia majeruhi matibabu anayostahili.

Sasa tafakari, ndugu msomaji. Nairobi au Dar es Salaam, kampuni ya bima ikikuzungusha, bado mwenye gari yupo na unaweza kumfuata. Hapa mlango ni mmoja tu. Na aliyeshika ufunguo wa mlango huo ni yule ofisa wa madai. Kama hajui kazi yake, huna pa kwenda isipokuwa mahakamani kupambana na Mfuko wenyewe. Ndiyo maana tunasema mafunzo ya mtu huyu si suala la ndani la idara ya utumishi. Ni suala la haki.

Kazi yenyewe si nyepesi. Ofisa anatakiwa ajue mambo matatu kwa wakati mmoja: nani alikuwa na uzembe, mwili umeumia vipi, na maisha yamepoteza nini. Uzembe peke yake ni somo zima. Kwa mfano, abiria wa teksi iliyogongana na lori hana haja ya kuthibitisha kwamba dereva wa teksi alikosea kwa asilimia mia. Madereva wawili wakigawana kosa, tisini kwa kumi, abiria asiye na kosa lolote anastahili fidia yake yote. Dereva aliyechangia kosa ndiye anayepunguziwa. Ofisa asiyelijua hilo anaweza kumrudisha abiria nyumbani mikono mitupu kwa kosa la mtu mwingine.

Tukija kwenye mwili ndipo hatari inapozidi. Sheria inasema fidia ya maumivu na kupoteza raha ya maisha italipwa tu kwa jeraha lililo "kubwa". Daktari hupima na kujaza fomu iitwayo RAF 4, akitumia mwongozo wa chama cha madaktari wa Marekani. Ulemavu wa mwili mzima ukifika asilimia 30, jeraha ni kubwa. Usipofika, bado kuna njia ya pili, ambayo inaangalia kama mtu amepoteza kwa muda mrefu matumizi muhimu ya kiungo, kama ameharibika sura kwa kudumu, kama amepata matatizo mazito ya akili, au kama mimba imetoka. Mfuko ukikataa tathmini hiyo na mdai asikubali, ubishi huenda kwenye jopo la madaktari linaloteuliwa na Baraza la Taaluma za Afya.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa fundi cherehani aliyevunjika vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa hesabu ya mwili mzima, asilimia yake itakuwa ndogo. Ofisa aliyefundishwa kutazama namba tu ataona haijafika 30 na kufunga faili. Ofisa aliyefundishwa sawasawa atauliza maswali mengine mawili. Je, kwa mtu wa kazi hii, vidole hivyo si kupoteza kiungo muhimu? Na hata kama jeraha si "kubwa", je, hasara ya kipato imehesabiwa? Kwa sababu ile asilimia 30 inahusu fidia ya maumivu tu. Haihusu mshahara uliopotea wala gharama za hospitali. Tofauti hiyo ndogo katika kifungu cha sheria ndiyo tofauti kati ya familia kula na kulala njaa.

Au chukua jeraha la kichwa. Mtu amelazwa Baragwanath au Charlotte Maxeke siku tatu, akapigwa picha, picha haikuonyesha kitu, akaruhusiwa. Kwenye karatasi amepona. Nyumbani mkewe anaona mume mwingine: anasahau alipoweka funguo, anafoka kwa jambo dogo, hawezi kukaa kwenye kelele. Madaktari wanajua kwamba ubongo unaweza kuumia bila picha kuonyesha. Ofisa wa madai naye anatakiwa alijue hilo, ili asitegemee karatasi ya kuruhusiwa hospitali bali amsikilize mke, amsikilize mwajiri, na aagize mtaalamu wa ubongo. Kwa mtoto ni vigumu zaidi, maana madhara yanaweza kujitokeza miaka kadhaa baadaye, masomo yanapokuwa magumu. Faili la mtoto likifungwa haraka kwa fedha kidogo, limefungwa juu ya maisha yake yote.

Kisha kuna kipato. Wenzetu wengi hapa hawana karatasi ya mshahara. Kuna anayeuza mboga soko la Yeoville, anayesuka nywele Hillbrow, anayeendesha duka dogo Mayfair, anayefanya ulinzi usiku na kulipwa mkononi. Je, kwa kuwa hana karatasi ndiyo kusema hana kazi? Mfanyabiashara mdogo ana daftari la mkopo, ana risiti za jumla, ana kodi ya meza, ana jirani anayejua anauza kiasi gani. Kuupata ukweli katika vitu hivyo ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa.

Wala tusisahau lugha. Mtu anasema "mgongo unawaka moto" au "kichwa kinazunguka", mkalimani wa kubahatisha anaandika "anaumwa mgongo" na "anaumwa kichwa", na hapo daktari na ofisa wameshakosa dalili mbili ambazo zingewapeleka kwenye uchunguzi mwingine. Katika jiji lenye lugha nyingi kama Johannesburg, kumfundisha ofisa namna ya kufanya mahojiano kupitia mkalimani si anasa.

Badala ya kufundishwa hayo, maofisa walipewa kazi nyingine. Juni 2022 Mfuko ulitoa agizo kwamba mgeni anayedai alete uthibitisho kwamba alikuwa nchini kihalali siku ya ajali, pamoja na pasipoti yenye mihuri ya kuingia. Asiye na mihuri, dai lake halikupokelewa. Ofisa wa madai akageuzwa kuwa ofisa uhamiaji. Sisi tulioikimbia nchi yetu kwa sababu ya kalamu tunajua maana ya agizo hilo. Mkimbizi hapigiwi muhuri na yule anayemkimbia. Wengi wamevuka mpaka usiku, wengine wanaishi kwa karatasi ya hifadhi inayohuishwa kila baada ya miezi kadhaa, na wapo wanaosubiri miaka kujibiwa.

Machi 26, 2024 Mahakama Kuu ya Pretoria, majaji wakiwa wameketi kwa pamoja, ilisema agizo hilo ni kinyume cha sheria. Sababu yenyewe ni rahisi: sheria inasema Mfuko utamlipa "mtu yeyote" aliyeumia, na mgeni ni mtu. Lakini tusijidanganye kwamba mambo yamekwisha. Muswada uliotolewa Septemba 2023 ulipendekeza fidia ibaki kwa raia na wakazi wa kudumu tu. Mafuta tulipe wote, mifupa walipwe baadhi? Hoja hiyo haijazikwa, na wenzetu wanapaswa kuifuatilia.

Kuna watakaosema tunakuza jambo, kwamba tatizo la Mfuko ni fedha na wala si mafunzo. Sisi tunasema angalieni fedha zinapokwenda. Faili ambalo ofisa hakuliamua vizuri halifi, linahamia mahakamani. Sheria inampa Mfuko siku 120 za kuchunguza dai kabla ya mdai kuruhusiwa kushitaki. Siku hizo zikipita bila jibu la maana, kesi inafunguliwa, wataalamu wa pande zote wanalipwa, na riba inahesabiwa. Mwaka 2020 Mfuko uliachana na jopo la mawakili waliokuwa wakiuwakilisha, kwa nia ya kupunguza gharama na kumalizia madai mezani. Nia ilikuwa nzuri. Lakini kumaliza madai mezani kunahitaji meza yenye watu wanaojua kazi. Matokeo yake mashauri mengi yalisikilizwa bila mtu wa kuutetea Mfuko, zikatolewa hukumu za upande mmoja, na majaji wenyewe wakalalamika.

Huku Gauteng, foleni ya kesi za madai ilirefuka hadi tarehe za kusikilizwa zikafika mwaka 2031, na madai ya ajali za barabarani ndiyo yaliyokuwa sehemu kubwa ya mrundikano huo. Aprili 2025 Jaji Kiongozi wa mkoa huu wakati huo, Dunstan Mlambo, akaagiza kwamba lazima pande zipitie usuluhishi kwanza. Usuluhishi nao unamtaka yule yule ofisa: mtu anayeweza kukaa, kulisoma faili, kujua dai lina thamani gani na kufikia makubaliano. Tunarudi pale pale.

Na wakati wote huo anayelipa ni majeruhi. Wakili wa "usiposhinda hulipi" anaruhusiwa kisheria kuchukua hadi maradufu ya ada yake ya kawaida, mradi isizidi asilimia 25 ya fedha zilizopatikana. Atakayesema aende mwenyewe bila wakili, sheria inamruhusu. Lakini huko atakutana na ofisa ambaye kwa mkono mmoja anamsaidia kujaza fomu na kwa mkono mwingine anaamua alipwe kidogo kiasi gani. Ofisa wa namna hiyo anahitaji maadili kuliko hata sheria. Na milangoni mwa hospitali wapo madalali wa majeruhi, wanaookota saini za watu ambao bado wana dripu mkononi. Ofisi ikiwa dhaifu, dalali hunenepa.

Tukubali pia upande wa pili. Udanganyifu upo. Kuna ajali ambazo hazikutokea, abiria ambao hawakuwemo kwenye teksi, na maumivu yanayozidi kila siku ya daktari inapokaribia. Fedha hizi ni za umma na lazima zilindwe. Lakini anayelinda vizuri ni yule anayejua. Ofisa aliyefundishwa ataona kwamba jeraha hili haliendani na ajali iliyoelezwa, atalinganisha taarifa ya polisi na kumbukumbu ya gari la wagonjwa, ataona dawa iliyoandikwa haihusiani na ugonjwa. Asiyefundishwa ana silaha moja tu, nayo ni kumshuku kila mtu. Hapo mwongo mwenye karatasi nzuri anapita, na mkweli asiye na karatasi anakwama.

Hatusemi Mfuko haujawahi kuwafundisha watu wake. Tunasema kipimo cha mafunzo ni matokeo, na matokeo tumeyaona. Afrika Kusini ina sheria ya mwaka 2002 inayomtaka mtu anayekushauri kununua bima athibitishwe kwamba ana sifa na ni mwaminifu. Kwa nini anayeamua thamani ya uti wa mgongo wako asipimwe kwa kiwango kisichopungua hicho?

Mapendekezo yetu ni haya. Kwanza, ofisa asikabidhiwe faili la jeraha la mwili kabla hajafaulu mtihani wa sheria ya ajali na misingi ya tiba: mifupa, ubongo, uti wa mgongo, majeraha ya moto na afya ya akili. Pili, akae wodini na kwenye vituo vya kufundishia majeruhi kutembea upya, hata kama ni wiki chache, aone kwa macho yake maana ya maneno anayoyasoma. Tatu, afundishwe hesabu ya kipato cha watu wasio na mshahara. Nne, afundishwe kuhoji kupitia mkalimani. Tano, majeraha ya watoto na ya ubongo yashughulikiwe na maofisa waliobobea, si yeyote aliyekuwepo kazini siku hiyo. Sita, asipimwe kwa idadi ya mafaili aliyoyafunga peke yake, bali pia kwa mafaili mangapi yalirudi kutoka mahakamani yakionyesha alikosea.

Na nyumbani tusicheke. Kwetu tuna wakaguzi hodari wa magari. Gari likigongwa anakuja mtu, anazunguka bodi, anapiga picha, anaandika bei ya taa na bampa. Lakini nani anaukagua mwili? Majeruhi anabaki na PF3 yake Tanzania au P3 yake Kenya, anazungushwa ofisi hadi ofisi mpaka achoke na kukubali chochote. Kenya sheria imeweka kikomo cha shilingi milioni tatu kwa kila mtu anayelipwa na bima ya lazima, na hata hizo si kila mmoja amezipata. Kampuni ya United iliyokuwa na matatu wengi iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield ikafuata 2011, na walioumia wakabaki na hukumu mkononi bila wa kuwalipa. Vyuo tunavyo: Chuo cha Bima cha Nairobi na Chuo cha Usimamizi wa Fedha cha Dar es Salaam vimekuwa vikifundisha bima kwa miaka mingi. Vinaweza kuweka somo kamili la madai ya majeraha ya mwili, na wasimamizi wa bima wakalifanya kuwa sharti la leseni. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Kwa wenzetu mlioko hapa Afrika Kusini, wakati tukisubiri maofisa wafundishwe, tujifundishe wenyewe. Ukigongwa na gari linalojulikana una miaka mitatu kuwasilisha dai. Gari likikimbia bila kutambuliwa una miaka miwili tu. Andikisha ajali polisi na uchukue namba ya kesi. Omba nakala ya kumbukumbu zako za hospitali mapema. Tunza kila risiti. Usitie saini karatasi yoyote ukiwa kitandani, na usikubali fedha za mkupuo kabla hujaeleza maumivu yote, hata yale unayoyaonea aibu. Na ukipewa hati ya ahadi ya matibabu ya baadaye, usiitupe kabatini. Hiyo ni fedha, hata kama haina picha ya Mandela.